Bara Hindi na Upepo Unaopita Juu ya Paa Zetu

Hotuba iliyotolewa Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, baada ya sala ya alasiri, kwa wanafunzi wa sekondari, wazazi wao na wazee wa mji

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu mlioketi barazani, mama zangu, walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliokubali kukaa mkekani ilhali jua halijapoa, nawashukuru kwa kuitika. Nimeombwa nizungumze juu ya nchi moja kubwa ya dunia, mambo yake ya msingi, ili watoto wanaojiandaa na mtihani wa jiografia wapate pa kuanzia. Ningeweza kuchagua Urusi, ambayo kwa ukubwa wa ardhi hakuna inayoifikia, au Kanada, au Brazili. Nimechagua Bara Hindi, yaani India. Sababu yangu iko juu ya vichwa vyenu. Tazameni majani ya mkungu huu yanavyolala yote upande mmoja tangu asubuhi. Kusi, upepo wa kusini, imeingia, na inazidi kukaza.

Nimefundisha jiografia miaka mingi kabla ya kustaafu, na kuna kosa moja ambalo limenikaa moyoni. Ramani ya India nilikuwa nikiichora ubaoni wiki hii, nikaweka mito, milima na miji. Pepo za msimu nikazifundisha muhula mwingine, kwenye sura nyingine ya kitabu. Wanafunzi wangu, watoto wa mabaharia, wakayakariri yote mawili na kupita mtihani bila kuambiwa kwamba ni jambo moja: kwamba nchi ile, kwa ukubwa wake na mahali ilipokaa, ndiyo inayouvuta upepo huu kutoka baharini kwetu, na ndiyo inayourudisha. Baadhi yao wapo hapa leo, wana watoto wao. Nawadai radhi, na leo nataka nilifundishe somo lile upya.

Hesabu kwanza, nazo nitazipita upesi kwa sababu mtazikuta popote. Eneo la India hutajwa kuwa karibu kilomita za mraba milioni 3.28, nalo huifanya kuwa nchi ya saba duniani kwa ukubwa. Kenya yetu ina kilomita za mraba 580,367, kwa hiyo ingeingia humo mara tano na bado kukabaki nafasi. Kaskazini, upande wa Kashmir, mipaka ina ugomvi wa muda mrefu na Pakistan na China, ndiyo maana ramani za nchi hizo hazilingani, msishangae mkiziona. Mji mkuu ni New Delhi. Kuna majimbo 28 na maeneo 8 yanayosimamiwa na serikali kuu. Uhuru ulipatikana tarehe 15 Agosti 1947, na jamhuri ikatangazwa tarehe 26 Januari 1950. Kwa nchi kavu imepakana na Pakistan, China, Nepal, Bhutan, Bangladesh na Myanmar, na ng'ambo ya mlango mwembamba wa bahari iko Sri Lanka.

Idadi ya watu nitaieleza kwa neno ambalo wazee hapa wanalijua tangu utotoni. Sisi tukitaka kusema mia moja elfu, husema laki. Neno hilo ni la kwao, na mpaka leo magazeti ya India huhesabu kwa laki, hayahesabu kwa milioni. Laki mia moja kwao ni karori. Basi watu wa India sasa ni zaidi ya karori 140, yaani zaidi ya bilioni 1.4, na mwaka 2023 Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba wameipita China. Hakuna nchi yenye watu wengi zaidi. Jimbo lao moja tu, Uttar Pradesh, lilihesabiwa watu karibu milioni 200 katika sensa ya 2011. Sensa yetu ya 2019 iliwakuta Wakenya wote, kutoka Lodwar hadi Kiunga, milioni 47.6.

Sasa urefu. Kutoka ncha ya kusini ya bara lao, Kanyakumari, hadi mpaka wa kaskazini kabisa ni kama kilomita 3,200. Nimepima kwenye tufe nyumbani kwa uzi. Uzi ule ukiuweka Lamu na kuuelekeza kusini, unapita Mombasa, unapita Tanzania yote na Msumbiji, unafika Durban. Mtu aweza kuamka kwenye minazi Kanyakumari na nchini mwake kuna mwenzake anayekwangua barafu mlangoni Ladakh, kaskazini kabisa.

Umbo lake ni la pembe tatu, ncha chini, pana juu, kama tanga lililogeuzwa. Juu kabisa kuna Himalaya. Kilele kirefu zaidi upande wa India ni Kangchenjunga, mita 8,586, cha tatu duniani. Hapa nisimame kidogo, kwa sababu milima hii ina habari inayotuhusu. Ardhi ya India haikuwa pale ilipo leo. Zamani za mbali, kabla ya binadamu, ilikuwa imeshikana na Afrika na Madagaska, upande huu wetu wa bahari. Iliachana na Madagaska miaka milioni 80 na kitu iliyopita, ikasafiri kaskazini kidogo kidogo, na yapata miaka milioni 50 iliyopita ikagonga Asia. Pale ilipogonga ardhi ilikunjamana kama mkeka uliosukumwa ukutani, na mikunjo hiyo ndiyo Himalaya. Bado inasukuma, sentimita chache kila mwaka, na matetemeko ya Nepal na Kashmir yanatokana na hilo. Kwa hiyo wazee wetu walipokuwa wakitweka matanga kwenda Bara Hindi, walikuwa wakiifuata ardhi iliyoanzia safari yake jirani na hapa.

Chini ya milima kuna uwanda mpana wa mto Ganga. Mto wenyewe una urefu wa kilomita 2,500 hivi na huanzia kwenye barafu ya Gangotri. Uwanda huu ndio uliojaa watu, mpunga na ngano, kwa sababu mito huleta tope jipya kila mafuriko. Mmeona rangi ya bahari ya Malindi mto Sabaki unapofurika, maji mekundu hadi mbali? Ganga na Brahmaputra hufanya hivyo kwa kiasi kisicho na mfano, na tope lao limejenga delta yenye msitu wa mikoko unaoitwa Sundarban, sehemu yake India na sehemu kubwa zaidi Bangladesh. Hakuna msitu wa mikoko mkubwa kuliko huo duniani. Nyinyi mnaojua kutofautisha fito, pau, boriti na nguzo za mikoko kwa kutazama tu, mngejiona nyumbani kule, isipokuwa kwamba kwenye mikoko ile kuna chui milia, na mkata miti huingia na mwenzake wa kumlindia mgongo.

Kusini mwa uwanda ni nchi ya juu ya Deccan, mawe ya zamani, nyingi yake kavu. Ukingoni mwake magharibi, ukitazamana na sisi, umesimama ukuta wa milima uitwao Ghats za Magharibi, kilomita 1,600, karibu sambamba na pwani. Na kaskazini-magharibi, jimbo la Rajasthan, kuna jangwa la Thar. Wekeni akilini vitu viwili hivi, jangwa la Thar na ukuta wa Ghats, maana sasa naingia kwenye upepo.

Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akifukiza udi usiku wa kuamkia Ijumaa. Chetezo alikiweka sakafuni, karibu na mlango wa kuingilia, na upande wa pili wa chumba kulikuwa na jiko la makaa la kuchemshia kahawa. Nilipokuwa mtoto nililala mkekani nikiufuata moshi kwa macho. Ulipanda kidogo juu ya chetezo, kisha ukatambaa, taratibu, kuelekea upande wa jiko. Ukifika penye jiko ndipo ulipopaa moja kwa moja hadi kwenye boriti za dari. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa. Joto la jiko hupandisha hewa iliyo juu yake. Hewa iliyopanda huacha nafasi, na hewa ya pembeni huja kuijaza, ikibeba moshi wa udi.

Sasa jiko hilo lipelekeni Rajasthan. Mwezi wa Mei jua liko juu ya India, na mchanga wa Thar unapata moto usioelezeka. Mji wa Phalodi, tarehe 19 Mei 2016, ulipimwa digrii 51. Hewa inapaa, kanieneo ya hewa, yaani mkandamizo wake, inashuka. Wakati huo huo, mbali kusini, mashariki ya Madagaska, ni majira ya baridi, na hewa nzito imelala juu ya bahari. Hewa hutoka penye kanieneo kubwa ikaenda penye kanieneo ndogo. Safari yake kutoka bahari ya kusini hadi jikoni Rajasthan hupita wapi? Hupita hapa.

Inatujia kutoka kusini-mashariki, nasi huiita kusi. Ingependa kuendelea magharibi, lakini nyanda za juu za Kenya na Ethiopia zimesimama kama ukuta. Basi inajikusanya, inabanwa, inakuwa mkondo mwembamba wenye kasi, inavuka Ikweta, na kwa sababu dunia inazunguka inapinda kulia, ikitoka pwani ya Somalia na kukata Bahari ya Arabuni kuelekea India. Katika miaka ya 1960 mtaalamu wa hali ya hewa, John Findlater, aliupima mkondo huu na kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya hewa inayovuka Ikweta msimu huu hupita kwenye ukanda wetu wa Afrika Mashariki, na kasi yake ni kali zaidi kama kilomita moja na nusu juu ya vichwa vyetu. Kwa vitabu vya hali ya hewa hilo ni jambo kubwa. Kwa baharia wa Amu, Lamu yetu hii, lilikuwa jambo la kila mwaka, ingawa hakujua kwamba juu ya upepo wake kulikuwa na upepo mwingine wenye nguvu zaidi.

Ukivuka Bahari ya Arabuni, upepo huo hunyonya maji njia nzima. Ukifika pwani ya Kerala, jimbo la kusini-magharibi mwa India, unakutana na Ghats, unalazimika kupanda, unapoa, na maji yote uliyoyabeba yanashuka. Tarehe ambayo idara yao ya hali ya hewa huihesabu kuwa ya kawaida kwa mvua kuingia Kerala ni 1 Juni. Kutoka hapo mvua hupanda kaskazini hadi kuifunika nchi nzima karibu tarehe 8 Julai. Zaidi ya asilimia 70 ya mvua yao ya mwaka hunyesha kati ya Juni na Septemba, na karibu nusu ya wafanyakazi wao wanategemea kilimo. Kusi ikichelewa, bei ya mchele inapanda hata kwa wasiolima. Nyuma ya Ghats, upande wa mashariki, mawingu yamekwishakamuliwa, na kuna wilaya zinazoomba maji ilhali majirani zao wa pwani wamefurika. Tawi jingine la upepo hupitia Ghuba ya Bengal likagonga vilima vya Meghalaya, kaskazini-mashariki. Kijiji cha Mawsynram hapo hupata wastani wa karibu milimita 11,800 kwa mwaka, zaidi ya mara kumi ya mvua yetu Lamu.

Kisha mambo hugeuka. Ikifika Desemba bara lile limepoa, jiko limezimwa, na sasa bahari ndiyo yenye joto. Hewa inatoka India na Arabuni kuja kusini, kavu, tulivu, na sisi huiita kaskazi. Katikati kuna matlai, upepo mwepesi usio na uhakika. Neno letu msimu na neno ambalo Wazungu hulitumia kwa pepo hizi, monsoon, yote yametoka kwenye Kiarabu, mawsim, wakati maalumu wa jambo. Wakati wa kusafiri.

Mnataka ushahidi wa uzito wa jambo hili? Wenzetu wa Malindi wana nguzo ya Vasco da Gama, na watalii hupigwa picha hapo. Mimi hutazama tarehe. Mreno yule alitoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, kusi ikianza, akiwa na rubani aliyepewa Malindi. Wengine humtaja Ahmad ibn Majid. Mimi naona wenye hoja nzito ni wale wanaosema alikuwa Mgujarati, mtu wa pwani ya India mwenyewe. Wareno waliandika jina lake kwa namna inayotokana na muallim, cheo cha mwongoza chombo, neno lile lile tunalosema mwalimu. Tarehe 20 Mei walikuwa Calicut, mji unaoitwa Kozhikode leo. Zaidi ya kilomita 4,000 za maji kwa chini ya siku 30.

Kurudi walikataa kungoja. Waliondoka pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba, kabla kaskazi haijaanza, bila mwalimu yule. Upepo ukawapinga, kisha ukatulia kabisa. Walifika pwani yetu Januari 1499, baada ya karibu miezi mitatu, ufizi umevimba na miguu imejaa maji kwa kukosa matunda, na wengi wamezikwa baharini. Mabaharia waliobaki hawakutosha kuendesha vyombo vyote, wakakichoma kimoja, São Rafael, pwani hii hii ya Afrika Mashariki. Bahari ilikuwa ile ile na watu walikuwa wale wale. Walichokosa ni kujua India inafanya nini mwezi wa Oktoba.

Manahodha wetu walijua. Walitoka mwanzo wa kusi, au waliingoja ilegee Agosti. Juni na Julai hakuna aliyethubutu, kwa sababu kusi inayotusumbua hapa, kule Malabar, pwani ya Kerala, ni dhoruba inayofunga bandari.

Nimekuja na kipande hiki cha ubao. Kipitisheni mkono kwa mkono, taratibu. Kimetoka kwenye jahazi la zamani lililovunjwa. Ni msaji, na miti yake bora ilitoka misitu ya Malabar, nyuma ya Kozhikode. Ni kizito kuliko kinavyoonekana. Ukikisugua kwa kidole gumba unahisi ulaini wa mafuta. Hayo mafuta ndiyo yanayoukinga na mchwa na maji ya chumvi. Tundu hili ndipo ulipopita msumari. Msumari umeliwa na kutu ukaisha, mbao pembeni yake iko imara. Sasa geuzeni mtazame upande uliokatwa. Mnaona mistari? Msaji hupukutisha majani wakati wa kiangazi na kukua mvua ikija, na kila mwaka huacha pete moja. Nimehesabu 31 kwenye kipande hiki kidogo. Mvua 31 za kule. Na kila moja ya mvua hizo ililetwa na kusi iliyopita juu ya mji huu, wakati babu wa babu zenu wakiwa wamekaa kwenye daka zao wakilalamikia upepo.

Jimbo la Kerala ni la minazi na kamba za makumbi, na karibu na Kozhikode, mahali paitwapo Beypore, mafundi bado huunda majahazi ya mbao. Huunda pia Mandvi, jimbo la Gujarat. Mbele ya pwani ya Kerala kuna visiwa vya India vinavyoitwa Lakshadweep. Sikieni sauti ya kwanza ya jina hilo: ni laki yetu. Maana yake ni visiwa laki moja. Vilivyohesabiwa ni 36, vyote kwa pamoja kilomita za mraba 32, na wakazi wake karibu wote ni Waislamu, wavuvi na wakwezi wa minazi. Natamani siku moja watoto wa Lamu na wa kule waandikiane barua. Wangekuwa na mengi ya kuulizana.

Wazee wakisema Bara Hindi, mara nyingi huingiza na Karachi. Hawakosei, mpaka 1947 Karachi ilikuwa humo. Mwaka huo nchi iligawanywa, India na Pakistan, mamilioni ya watu wakahama na wengi mno wakauawa, na jeraha hilo halijafunga. Wahindi waliojenga reli kutoka Mombasa kuanzia 1896, zaidi ya 30,000, wengi wao walitoka Punjab, jimbo ambalo baadaye mpaka ule ulipita katikati yake. Leo India ina lugha 22 zilizotajwa kwenye katiba. Wahindu ni karibu asilimia 80 kwa sensa ya 2011, na Waislamu milioni 172, wengi kuliko Wakenya wote mara tatu na zaidi. Sisi tuliazima kwao gari, bima, pesa, chapa, bangili na kachumbari, nasi hatuyahesabu tena kuwa maneno ya ugenini.

Maswali nitayapokea hadi adhana ya magharibi. Lakini kwanza wanafunzi nawapa hesabu moja. Kwa saa za kule sasa wametutangulia kwa saa mbili na nusu. India nzima hutumia saa moja tu, ya mashariki na ya magharibi, kwa hiyo hapa ikiwa saa kumi na nusu, wao ni saa moja ya usiku. Nyumba za Kerala zimeshawasha taa, na wakulima wanatazama mbingu ya magharibi. Kutoka hapa hadi kwao ni kama kilomita 4,200. Upepo unaotikisa majani ya mkungu huu, tuseme unakwenda kilomita 30 kwa saa. Toeni kalamu mnipatie utafika siku gani. Leo ni tarehe 27 Mei.